Sauti za Chini

Mwezi wa Mei mwaka 2019, katika misa ya ndoa pale parokia ya Kapata, mtaa wa mji wa Kolwezi, Gracien Nkulu alipiga kinanda beti tatu nzima akiwa nusu sauti juu ya kwaya, na hakujua.

Kinanda kile cha umeme kilikuwa kimetumiwa siku mbili kabla na kikundi kingine cha sala, na mtu mmoja aliacha kitufe cha kupandisha noti zote nusu sauti kikiwa kimebonyezwa. Kwaya ilianza yenyewe, kama desturi, kisha kinanda kikaingia. Mpigaji yeyote angesikia mgongano kwenye neno la kwanza. Jémima, mwalimu wa kwaya, alimwinulia mkono, kiganja wazi. Gracien alidhani anaombwa kuongeza nguvu, akaongeza. Bibi harusi alitazama mbele. Padri alitazama kitabu chake. Wanakwaya wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, na ubeti wa tatu Gracien aliumaliza peke yake. Aliupiga vizuri sana, na mwishoni akaongeza yale mapambo madogo ambayo watu wa Kapata walimjua kwayo.

Baada ya misa Jémima alimfuata, akasimama upande wake wa kushoto na kusema naye. Gracien alitazama midomo yake. Akajibu kwamba mashine ina kasoro. Jémima, ambaye mzee huyu alimfundisha kusoma noti akiwa na miaka tisa, hakubishana. Alizima kile kitufe, akamwonyesha, kisha akamwuliza kwa sauti kubwa, akimwita tata, yaani baba:

“Tata Gracien, saa ile tulinyamaza, ulisikia?”

“Hapana,” alisema.

Alikuwa na miaka sitini na mitano. Katika mji ambao karibu kila mwanaume alikula kwa shaba, kwa kuichimba, kuiyeyusha, kuilinda au kuiiba, yeye alikuwa amekula kwa muziki tangu utoto na hakuwahi kufanya kazi nyingine.

Baba yake alikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya migodi ya shaba, na Gracien alizaliwa Kapata, katika nyumba moja ya zile safu za nyumba zilizofanana. Kampuni ilikuwa na fanfari, bendi ya matarumbeta iliyovaa sare ya buluu na kupiga siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi, na siku za kupokea wakubwa, na siku za kuzika wafanyakazi. Aliingia humo akiwa na miaka kumi na minne. Alipewa klarineti kwa sababu klarineti ndiyo iliyokosa mtu. Mwaka uliofuata mpiga tromboni alihamishiwa Likasi, Gracien akajifunza tromboni kwa wiki sita. Kisha akaugua mpiga ngoma kubwa. Ikawa hivyo maisha yake yote: hakuchagua chombo, alichukua kile kilichokosa mtu. Kufika miaka ishirini alikuwa akipiga vyombo tisa, na mkuu wa fanfari aliacha kabisa kuwa na wasiwasi mtu akikosa kufika mazoezini.

Mwaka 1975 Philippe Mbombo alimwita katika orkestra yake. Philippe alikuwa karani wa ghala la vipuri, mrefu, mwenye sauti nzito, mpiga gitaa. Wazazi wake walitoka mkoa wa mbali wa Kasai kuja kutafuta kazi ya kampuni, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, njia mbili kutoka kwa kina Gracien, na Kasai hakuwahi kuiona. Orkestra iliitwa Nyota ya Manika. Gracien aliingia kwa saksofoni. Mpiga besi alipokwenda seminari, alichukua besi. Mpiga ngoma alipofungwa miezi mitatu kwa kupigana, alikaa kwenye ngoma.

Nyimbo zote zilikuwa za Philippe. Alitunga juu ya mambo madogo. Mmoja ulihusu mtu aliyehamishwa kikazi akasahau kumuaga jirani. Mwingine wanawake waliosubiri unga kwenye ghala la chakula la kampuni, wakijua habari za mji mzima kabla foleni haijasogea. Uliopendwa kuliko zote uliitwa “Imbwa ya Zamu,” juu ya mbwa aliyemsindikiza bwana wake mpaka kwenye lango la mgodi, akakaa hapo mpaka zamu iishe. Kwa miaka kumi na minane Philippe alitunga nyimbo thelathini na moja, na Gracien ndiye aliyezipanga: huyu aingie hapa, huyu angoje pale.

Aliondoka mara moja tu. Mwaka 1986 orkestra kubwa ya Kinshasa ilitafuta mpiga besi, na mtu akalitaja jina lake. Alikaa huko miezi kumi na mmoja. Hakuna aliyemtendea vibaya. Kule kila mtu alikuwa na chombo chake kimoja na kiti chake kimoja, na Gracien alipojaribu kumwonyesha mpiga saksofoni jambo fulani, aliambiwa kwa upole arudi kwenye besi yake. Alirudi Kolwezi kwa ndege ya mizigo. Jioni hiyo hiyo alikwenda mazoezini, akasimama mlangoni. Philippe hakuwa amejibu barua yake hata moja. Alimtazama, akaelekeza kidole kwenye kona.

“Ngoma haina mutu,” alisema.

Gracien akaenda kukaa kwenye ngoma, na habari za Kinshasa hazikuzungumzwa tena.

Wakati huo alikuwa ameshaoa. Mkewe, Bilonda, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti nyembamba iliyopenya kuta, na aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Walipata watoto watatu.

Mwaka 1993, wanasiasa wa mkoa walipowaita wageni wanaokula kazi za wenyeji, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi. Wale waliozaliwa hapo walifukuzwa pamoja na wale waliofika juzi. Nyumba zilivamiwa, na watu wakakimbilia stesheni kusubiri mabehewa ya kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Mabehewa yalichelewa kwa majuma mengi. Philippe, mkewe na watoto wao wanne waliishi kando ya reli chini ya hema la plastiki. Washiriki wengine wawili wa orkestra walikuwa huko pia.

Gracien hakwenda stesheni. Siku za kwanza aliogopa, maana walioonekana wakiwasaidia walipigwa. Baadaye hofu ikapungua, lakini sasa aliona haya kwa kuwa hakwenda mapema. Bilonda alikwenda mara mbili, peke yake, na unga na sufuria ya maharage. Mara zote mbili aliporudi hakumwambia mumewe neno, wala mumewe hakumwuliza.

Katika majuma hayo hayo mwenye baa waliyozoea kupiga alitaka muziki uendelee. Baa ile haikuwa mbali na stesheni. Orkestra ilikuwa imebaki na watu wanne, na watu wanne wakiwa na Gracien walitosha. Alichukua uongozi. Kila Jumamosi na Jumapili alasiri alisimama mbele na saksofoni. Nyimbo walizozijua zilikuwa za Philippe, basi wakapiga hizo. Treni iliondoka siku ya Jumanne. Alisikia king'ora chake akiwa nyumbani, akibadilisha nyuzi za besi.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi kwa mtu yeyote. Kampuni ilidhoofika, mishahara ikakatika, fanfari ikavunjwa na vyombo vyake vikafungiwa stoo. Orkestra ilikufa, ikafufuka kwa jina lingine, ikafa tena. Kisha wakaja vijana kutoka kila upande wa nchi kuchimba kwa mikono, shaba na kobalti, na baa za mtaa wa Musonoi zikajaa. Baa hizo hazikutaka orkestra ya watu saba. Zilitaka mtu mmoja na sinte, kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Gracien alinunua sinte, akawa watu saba. Asubuhi za Jumapili alipiga kwa Wakatoliki, mchana kwa Waprotestanti, na matanga yakitokea alibeba saksofoni yake kwenye pikipiki ya teksi.

Kila mahali aliombwa “Imbwa ya Zamu.” Wachimbaji waliozaliwa mbali na Kolwezi, ambao hawakujua zamu wala lango la kampuni, waliijua kwa moyo. Matangazo ya baa yaliandika: Tata Gracien na nyimbo zake. Hakuyaandika yeye. Hakuna aliyemwuliza, naye hakusema.

Baada ya ile ndoa ya Mei, binti yake Myriam, muuguzi Lubumbashi, alimpeleka kwa daktari wa masikio. Alivalishwa vifaa kichwani, akaambiwa ainue mkono kila anaposikia sauti. Kwa muda mrefu hakuinua. Alidhani mashine haijawashwa. Daktari alimwonyesha karatasi yenye mstari ulioanza juu upande wa kushoto, ukaenda sawa kidogo, kisha ukaanguka kama ukingo wa shimo la mgodi.

Daktari alieleza bila haraka. Masikio yamechoka kwa miaka hamsini ya matoazi na spika. Upande wa kushoto wa karatasi ni sauti za chini, hizo bado zipo. Upande wa kulia ni za juu, hizo zimekwisha na hazitarudi. Gracien aliuliza klarineti iko wapi kwenye karatasi. Daktari akaweka kidole mahali mstari ulipokwisha kuanguka. Akauliza ndege. Akauliza sauti za wanawake. Kidole hakikuondoka upande ule.

Alipewa vifaa viwili vidogo vya kuweka masikioni. Alivijaribu kwa mara ya kwanza nyumbani, Bilonda akiwa jikoni anaimba kama kawaida yake. Alisimama mlangoni akasikiliza. Alielewa kwamba kwa miaka kadhaa, labda sita, labda zaidi, hakuwa akimsikia mkewe akiimba. Alikuwa akimwona midomo, na kichwa chake chenyewe kikitia sauti, ile aliyoijua zamani.

“Sauti yako imezeeka,” alimwambia.

“Yako pia,” alisema Bilonda, akaendelea kukoroga ugali.

Vifaa vile vilifaa kwa maneno. Kwa muziki havikufaa. Kila chombo kilitoa mlio kama mvua juu ya mabati. Basi alikuwa akivivaa nyumbani na kuvivua kazini, na kazini akapunguza. Kinanda cha parokia alimwachia Jémima. Klarineti na saksofoni alizipeleka kwenye shule ya masista iliyokuwa ikianzisha bendi, akazikabidhi, akarudi kabla hawajamaliza kumshukuru. Alibaki na besi. Aliipiga miguu mitupu, ugoko ukigusa sanduku la spika, na hapo alisikia kila noti kwa usahihi uleule wa miaka ya Nyota ya Manika. Vikundi vya vijana vilimwita. Hawakumpa heshima ya pekee. Walimwita kwa sababu wapiga besi wazuri hawakuwa wengi.

Mwezi wa Agosti 2021 Bilonda alirudi kutoka soko la Musonoi, akasubiri mumewe avae vifaa vyake, kisha akamwambia, “Philippe eko Musonoi. Kwa mutoto wake Lucien.”

Lucien, aliyekuwa mtoto wa miaka saba pale kando ya reli, sasa alikuwa na duka la buti na taa za kichwani za wachimbaji. Alikuja Kolwezi kama walivyokuja vijana wengine, kutafuta maisha. Mama yake alipokufa kule Mwene-Ditu, huko Kasai, alimleta baba yake akae naye.

Gracien alipitisha siku nne. Siku ya tano alichukua pikipiki.

Philippe alikuwa amekaa uani nyuma ya duka, kwenye kiti cha plastiki, amekonda, vidole vimeanza kupinda. Alimtambua kabla hajakaribia.

“Karibu, Gracien.”

Gracien alikuwa amevua vifaa vyake kwa sababu ya kelele za njiani, lakini alisikia maneno yote mawili sawasawa. Sauti ya Philippe ilikuwa upande wa kushoto wa karatasi. Jambo hilo lilimshtua kiasi kwamba alisahau hotuba aliyoitengeneza kwa siku nne. Alikaa. Walizungumza kwanza juu ya marehemu, wa huku na wa huko, kwa muda mrefu, maana walikuwa wengi. Kisha Gracien akasema alichokuja kusema.

“Ile mwaka, mi sikukuya kuwaona ku stesheni.”

“Najua. Mama Bilonda alikuya mara mbili. Wewe, hapana.”

“Niliogopa.”

“Batu bote baliogopa.” Philippe alinyoosha vidole vyake, akavitazama. “Lakini nilikusikia. Kila mwisho wa juma. Upepo ulikuwa unatokea upande wa baa. Nilisikia saksofoni, nikajua ni wewe. Ulikuwa unapiga nyimbo zangu.”

Philippe alirudisha mikono mapajani.

“Bibi yangu alikuwa analia. Batoto balikuwa banacheza, pale chini ya plastiki, sababu ni muziki ya baba yabo. Sikuwakataza. Mi nilikuwa nasikiliza tu. Sehemu ya pili ya ‘Imbwa ya Zamu’ mulikuwa munaipiga mbaya.”

“Tunaipiga vile mpaka leo,” alisema Gracien.

“Nimesikia. Hapa Musonoi banaipiga kila siku. Mutu mumoja aliniambia ni wimbo ya Tata Gracien. Nikamwambia, ni muzuri.”

Lucien alitokea dukani na chupa mbili za maji, akamsalimu mgeni kwa adabu, akarudi ndani bila kukaa. Gracien alielewa kuwa kijana yule alijua yeye ni nani. Akamwuliza Philippe anataka nini. Alikuwa tayari kwa jibu lolote, hata kufukuzwa.

Philippe alifikiri. “Useme ni za nani,” alijibu. “Mbele ya batu. Na ile sehemu ya pili, tuitengeneze.”

Waliitengeneza siku ileile. Philippe alikuwa na gitaa kavu, lisilohitaji umeme, na Gracien alipiga besi kwa mdomo. Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Mbwa anapolala kumsubiri bwana wake, besi inatakiwa kusimama kipigo kimoja, na wao kwa miaka ishirini na minane hawakuisimamisha. Ilipowekwa pale mahali pake, wimbo mzima ulipungua mwendo, ukawa na huzuni ambayo watu wa baa hawakuijua.

Baada ya hapo Gracien alikwenda Musonoi kila Jumapili alasiri. Ile kazi ya kusema mbele ya watu aliiahirisha. Si kwamba alikataa; kila baa aliyopiga, alijiambia si mahali pake, watu wamelewa, hawatasikiliza. Philippe hakumkumbusha. Bilonda ndiye aliyemwambia, mara moja tu, kwamba mwaka unakwisha.

Nafasi ilikuja yenyewe. Mwaka 2022 redio moja ya mjini ilitaka kufanya kipindi juu ya miaka hamsini ya muziki wa Gracien. Mtangazaji, Marlène, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mchangamfu, mwenye sauti nyembamba kuliko zote alizowahi kukutana nazo. Ndani ya chumba kile, vifaa vya masikioni vilipiga filimbi karibu na mikrofoni, akalazimika kuvivua. Basi alikaa studio bila kusikia swali hata moja. Lakini alikuwa amemleta Philippe, na Philippe alikaa kando yake akirudia kila swali kwa sauti yake nzito. Wasikilizaji walisikia maswali yote mara mbili. Marlène mwanzoni alicheka, kisha akazoea.

Aliulizwa ameanza lini, na vyombo vingapi, na kipi kigumu. Akajibu kwa ufupi. Kisha Marlène akauliza aliutunga vipi wimbo wa “Imbwa ya Zamu.” Philippe alirudia swali hilo kama yale mengine, bila kubadilisha sauti.

“Sikuutunga,” alisema Gracien. “Alitunga huyu anayenirudilia maswali. Anaitwa Philippe Mbombo. Alizaliwa hapa Kolwezi, balimufukuza hapa mwaka 1993. Kisha mi nikabaki na nyimbo zake, batu bakasema ni zangu, na mi nikanyamaza.”

Alitoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akaanza kusoma nyimbo zote thelathini na moja, jina la wimbo kisha jina la mtunzi, kila mara jina lile lile. Marlène alijaribu kumkatiza kwa ajili ya matangazo, lakini mzee hakumsikia. Alipofika wimbo wa kumi, simu zikaanza. Mtu mmoja, mfanyakazi wa zamani wa kampuni, alisema yeye alijua siku zote. Mwingine alisema mzee amezeeka na anadanganywa. Wa tatu alimtukana Philippe kwa kabila lake, maneno yaleyale ya mwaka ule, na fundi wa mitambo akamkata haraka.

Gracien aliona nyuso zilivyobadilika. Akamwuliza Philippe huyo amesema nini.

“Hakuna kitu. Soma.”

Gracien alimtazama Marlène. Marlène alikuwa ameinamisha kichwa. Akaelewa vya kutosha. Aliivuta mikrofoni karibu zaidi, akaendelea, polepole kuliko mwanzo: wimbo wa kumi na moja, mtunzi Philippe Mbombo. Wimbo wa kumi na mbili, mtunzi Philippe Mbombo. Kipindi kilizidi muda wake kwa dakika ishirini.

Matokeo yake hayakuwa makubwa, wala hayakuwa bure. Baa mbili za mjini zilimtaka Gracien peke yake, bila yule mwingine. Akajibu kwamba wanakuja wawili au hawaji, na hawakuitwa tena. Watu wengine wa Kapata waliacha kumsalimu kwa muda, kisha wakasahau. Jémima aliandika sauti nne za nyimbo tatu za Philippe na kwaya ikaziimba kwenye sikukuu ya wafanyakazi. Lucien, siku moja ya Jumapili, aliketi uani mpaka mwisho, akawaletea chakula, na akamwita Gracien baba mdogo, kama alivyomwita akiwa mtoto, kabla ya ile treni. Gracien alijibu “naam” na kuendelea kula.

Mwezi wa Juni 2023 waliitwa Kisenge, kwenye sherehe ya parokia. Wazee wa mgodi wa manganizi walikuwa wamesikia kile kipindi kupitia simu ya mtu, na wakakumbuka kwamba Nyota ya Manika ilifika kwao zamani kwa treni. Sasa walikwenda kwa lori. Njia ilichukua siku mbili. Philippe alikaa mbele na dereva kwa sababu ya mgongo wake. Gracien alikaa nyuma juu ya magunia, besi amelalisha mapajani, na Bilonda kando yake akiwa amejifunga kitambaa kwa ajili ya vumbi. Bilonda alikuwa amesema safari hii hataki kusimuliwa, ataona mwenyewe.

Walipiga saa tisa alasiri, uwanjani, mbele ya kanisa. Watu walikuja na viti vyao. Wimbo wa nne ulipoanza, jenereta lilikohoa mara mbili, likazimika. Besi ikafa mikononi mwa Gracien. Bila umeme ilikuwa ubao wenye nyuzi. Gitaa la Philippe liliendelea, dogo sana katika uwanja ule, na watu wa mbele wakaanza kuimba ili kulisaidia, kisha na wale wa nyuma.

Gracien hakusikia lolote kati ya hayo. Kwake uwanja wote ulikuwa umenyamaza ghafla, na vinywa vikifunguka na kufungika. Aliweka besi chini, akaligeuza sanduku la spika kifudifudi, akakaa juu yake na kuanza kulipiga kwa viganja pembeni, chini kwa kisigino. Sauti yake ilimpanda mgongoni. Kujua yuko wapi ndani ya wimbo, alitazama kiatu cha Philippe kikipiga ardhi, na kila kiatu kiliposhuka, naye akashuka. Akamwona Bilonda katikati ya wanawake wa Kisenge, kichwa amekiinua, anaimba sauti ya kwanza. Vifaa vyake vilikuwa ndani ya mfuko wa mkewe. Hakuwaza kuviomba. Mbwa alipolala kumsubiri bwana wake, kiatu kilisimama, na mikono ya Gracien ikasimama kipigo kimoja, na uwanja mzima ukasimama nao.

Mtu mmoja alikuja nyuma yao kusema jenereta limepona, wanaweza kuwasha. Gracien hakumsikia. Philippe alimsikia, lakini hakugeuka mpaka wimbo ukaisha.